Mkono Usiogonga

Watu wa ofisini walimpachika jina la Darubini, na yeye hakulikataa. Kwa kazi yake lilikuwa kama cheo. Alikuwa mkaguzi wa madai katika kampuni ya bima, na mezani kwake zilipita ajali zote za mji: magari yaliyogongwa yakiwa yamesimama, maduka yaliyoungua wiki moja baada ya kukatiwa bima, viuno vilivyoteguka kwenye ngazi ambazo hazikuwahi kujengwa. Watu husema uongo kwa sauti mbalimbali, na yeye alishazizoea zote. Aliwahi kumwambia mwenye duka mmoja, kwa upole kabisa, kwamba moto haujui kuchagua. Ukila ghala unakula na risiti, hauziachi zimekunjwa vizuri kwenye droo. Mwenye duka aliondoka bila kuaga.

Ubaya wa kazi ya namna hiyo ni kwamba haiachwi ofisini kama mwavuli. Ilimfuata mpaka nyumbani. Muuza nyanya akimwongezea moja, Darubini aliigeuzageuza kutafuta ilipooza. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alimtazama na kutikisa kichwa.

"Binti yangu, wewe hata salamu unaikagua kama ina tundu."

"Salamu nyingine zina tundu, mama."

"Na nyingine ni salamu tu."

Mtu mmoja peke yake alikuwa amepenya kwenye ukaguzi huo. Naye ni jirani yake wa meza, mwanamke mfupi mnene aliyeitwa Chiriku kwa sababu hakunyamaza. Chiriku aliongea na simu, aliongea na kompyuta, aliongea na chai ikichelewa kupoa. Tangu waajiriwe walikuwa wameketi ubavu kwa ubavu, wakigawana mafaili, feni moja, na chumvi ya chakula cha mchana. Darubini akisema neno moja, Chiriku alisema mia, na hivyo kati yao maneno hayakupungua kamwe.

Mwaka huo kazi ilizidi. Simu zililia mpaka masikio yakawa yanalia yenyewe hata simu zikinyamaza. Mchana mmoja, kijana wa madai ya magari alilaza paji la uso kwenye kibodi na hakuinuka. Walimkuta amezimia, herufi moja ikijiandika peke yake kwenye skrini nzima. Aliporudi kutoka hospitali, kampuni ilitangaza kwamba kila Jumanne na Alhamisi, baada ya kazi, kutakuwa na mafunzo ya judo kantini kwa ajili ya kupunguza msongo wa mawazo. Mwalimu ameshapatikana. Wote mnakaribishwa.

"Kampuni iliyotunyima feni ya pili," Darubini alisema, "imeitoa wapi huruma ya ghafla?"

"Mwenzangu, ukipewa muwa, tafuna. Shamba utaliulizia ukishashiba."

"Na kama muwa una sumu?"

"Basi tutakufa na meno safi. Twende!"

Lakini Darubini alikuwa na sababu ya kuulizia shamba. Kulikuwa na uvumi kwamba wafanyakazi watapunguzwa, na kwamba meza za watu wawili zitabaki za mtu mmoja. Mama yake alikuwa akitibiwa macho kwa bima ya kampuni hiyohiyo; jicho la kulia lilikuwa limepona, la kushoto lilikuwa bado. Darubini akiachishwa kazi, jicho la kushoto nalo lingeachwa. Kwa hiyo aliyaona yale mafunzo kama mtego. Mtu mmoja atakaa pembeni, aliwaza, akiangalia nani anahema upesi, nani ana hasira, nani ana goti bovu. Mwishowe alienda kwa sababu aliona asiyekwenda ataonekana zaidi ya anayekwenda.

Meza za kantini zilisukumwa ukutani, mikeka minene ya sponji ikatandazwa katikati, na madirisha yote yakaachwa wazi kwa ajili ya joto. Mwalimu alikuwa mwanamke mkavu, mwenye masikio yaliyokunjamana kama majani ya kabichi. Alisimama mbele ya wahasibu, makarani na wakaguzi waliovaa fulana za kulalia, akawatazama kama fundi anayetazama nyumba iliyojengwa bila yeye.

"Mabega yenu yako masikioni," alisema. "Tuanze kuyashusha."

Alikuwa na desturi yake. Kabla ya judo yenyewe, mmoja alishika mto mnene wa ngozi, na mwingine akaupiga ngumi huku akitema kwa sauti lolote lililomkera siku hiyo. "Kinachosemwa kwenye mto kinabaki kwenye mto," alisema. "Hapa hakuna bosi wala karani. Tema!" Mhasibu mzima, baba wa watu, aliupiga mto ule akiilalamikia mashine ya kutolea nakala kana kwamba ni mkwe wake. Watu walicheka hadi wakakaa chini.

Mara ya kwanza Darubini aliupiga mto kimya kimya, kama anayegonga mlango wa watu asiowajua. Mara ya pili aliguna. Mara ya tatu, baada ya siku ya madai mabaya, kitu kilimfunguka kifuani. "Hii ofisi ni jeneza!" alipiga kelele. "Jeneza lenye feni!" Kantini nzima ililipuka kwa kicheko, na Chiriku aliyeshika mto akamshangilia, "Ongeza, mama, ongeza!" Naye akaongeza. Alipiga na kutema mpaka jasho likamwingia machoni. Mengine aliyosema hakuyakumbuka hata alipokuwa anafunga kamba za viatu. Alichojua ni kwamba alirudi nyumbani, akala, akalala kama mtoto aliyeogeshwa.

Baada ya mto walijifunza kuanguka, na baada ya kuanguka wakajifunza kushikana. Hapo mwalimu aliwafundisha kanuni ambayo hakuwa na mzaha nayo. Ukishikwa na ukaona inatosha, gonga. Gonga mwili wa mwenzako, au mkeka, mara mbili. Ukigongwa, achia papo hapo, usiulize.

"Anayeshika asibahatishe maumivu ya mwenzake," alisema. "Na anayeshikwa asijifanye jiwe. Mkono ule unaogonga ndio unaowalinda nyote wawili. Mmesikia?"

"Tumesikia!" walijibu kama darasa la kwanza.

Wakagawanywa wawili wawili, na bila shaka Darubini akawa na Chiriku. Kwa majuma kadhaa mambo yalikuwa mazuri kupita kawaida. Kichwa cha Darubini kiliacha kuuma. Mama yake alimsikia akiimba jikoni, akauliza kama ni redio. Chiriku alikuwa mwanafunzi mbaya, alimshika mwenzake kilegelege kama anayeshika yai, na kila mara mwalimu alimkaripia: "Kaza! Unamkumbatia au unamfunga?" Nao walikuwa wakigongana na kuachiana, wakicheka.

Kisha, asubuhi moja kwenye lifti, meneja alimwangalia Darubini kupitia kioo.

"Nasikia unataka kutukimbia," alisema, akitabasamu.

Lifti ilifika, meneja akatoka, harufu ya marashi yake ikabaki. Ni kweli kwamba Darubini alikuwa ameomba kazi katika kampuni nyingine, kwa ajili ya tahadhari tu. Lakini alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani, tena kwa kunong'ona, wakiwa wanakula. Hata mama yake hakujua.

Kikulacho ki nguoni mwako. Usemi huo ulimwingia kichwani na kukaa kama mgeni asiyeaga.

Hakumuuliza Chiriku. Mkaguzi hamuulizi mshukiwa mapema, maana ukimuuliza unamfundisha kujibu. Alianza kutazama. Akaona kwamba Chiriku sasa alilaza simu yake kifudifudi mezani. Akaona kwamba aliitwa ofisini kwa meneja, akatoka akicheka peke yake, na alipoulizwa alisema, "Aa, mambo ya kijinga tu." Chiriku, mtu wa kusimulia hata alivyokata kucha, kusema "mambo ya kijinga tu" na kuishia hapo? Darubini alikuwa amekataa madai ya watu kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Juma lililofuata lilimaliza shaka. Meneja alisimama mezani kwao, akachukua faili alilokuwa ameliandaa Darubini, akalisoma neno kwa neno huku wote wakimwangalia. "Wapo wanaosema nasaini bila kusoma," alisema. "Basi leo nasoma." Hayo nayo Darubini alikuwa ameyasema kwa Chiriku. Alimgeukia mwenzake. Chiriku alikuwa anachonga penseli, macho chini.

Nyumbani, mama alimwona anakula kama anayehesabu punje.

"Umegombana na nani?"

"Na mtu asiyejua kama tumegombana."

"Huo si ugomvi, mwanangu, huo ni uwindaji." Mama alisogeza sahani. "Na mwindaji wa mashimo akumbuke. Kila shimo lina mwenye nyumba, si kila mwenye nyumba ni nyoka."

Lakini Darubini alikuwa ameshapanga jaribio lake. Ofisini alikuwa na njia ya zamani: mtu akimtilia shaka, humwekea nafasi ndogo ya kudanganya, kisha anakaa pembeni kuona kama ataingia. Alhamisi hiyo aliamua kumwekea Chiriku nafasi juu ya mkeka. Atakapofungwa mkono, hatagonga. Rafiki wa kweli ataona uso wake na ataachia mwenyewe. Msaliti ataendelea. Ilionekana rahisi na safi, kama swali la ndiyo au hapana.

Wakaanza. Chiriku alimlaza, akaushika mkono wake wa kulia kati ya magoti, kiwiko kikiegemea nyonga yake kama walivyofundishwa. Kama kawaida, mdomo wake haukupumzika.

"Leo nimekaza, eti? Leo mwalimu hatanisema. Unaniona? Gonga basi."

Darubini alinyamaza. Alimtazama Chiriku usoni, akitafuta.

"Gonga, mama. Au bado? Haya, bado."

Maumivu yalianza kama uzi unaovutwa. Darubini aliuma meno, akaulainisha uso wake uwe kama ukuta. Kumbe hapo ndipo jaribio lake lilipoharibika, maana alitaka mwenzake asome maumivu kwenye uso ambao yeye mwenyewe alikuwa ameufuta. Chiriku alidhani ameshika vibaya. Siku zote alikuwa akishika vibaya. Akajiweka sawa, akasukuma nyonga mbele kidogo, kidogo sana.

Kiwiko kililia.

Hakikuvunjika, lakini sauti ile waliisikia hata walio mbali. Chiriku aliachia kama aliyeshika moto, akapiga magoti, machozi yakimtoka kabla ya neno. "Hukugonga! Mbona hukugonga? Mwenzangu, kwa nini hukugonga?"

Watu walikuwa wamewazunguka. Mwalimu, aliyekuwa upande wa pili amewapa mgongo, alikuja mbio. Darubini alikuwa amelala, dari ikizunguka, maumivu na hasira na aibu vikiwa kitu kimoja. Nyuso zote zilikuwa zinamtazama, yeye asiyewahi kukosea.

"Niligonga," alisema.

Hakuna aliyelitilia shaka neno hilo. Darubini akisema gari liligongwa kulia, liligongwa kulia.

Alikaa nyumbani, mkono ukiwa umefungwa shingoni kwa kitambaa. Mama, kwa jicho lake moja lililopona, alimkatia chakula vipande vidogo. Chiriku alipiga simu, Darubini hakupokea. Chiriku alikuja mlangoni na matunda; mama alimpokea, wakazungumza sebuleni kwa muda, na Darubini alijifanya amelala. Alisikia sauti ya rafiki yake ikipita ukutani. Ilikuwa sauti ya mtu anayepunguza maneno, na hilo lilimtisha kidogo. Alijiambia: mwenye hatia ndiye anayeleta matunda.

"Anasema hukugonga," mama alisema, akikaa kitandani.

"Kila mtu anasema lake."

"Sikuulizi habari za kila mtu."

Darubini aligeukia ukuta.

Aliporudi kazini aliitwa kwa meneja. Kwenye korido nje ya ofisi ile, Chiriku alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, kama mgonjwa anayesubiri majibu. Waliangaliana. Darubini akapita.

Ndani, meneja alikuwa peke yake. Ofisi ilikuwa ya baridi na dirisha lake lilikuwa wazi nusu.

"Pole sana, dada. Karibu, keti. Afisa utumishi na mwalimu wako njiani. Nimetaka tuzungumze sisi kwanza, kama watu wazima." Alimsogezea kiti yeye mwenyewe. "Wewe ni hazina ya kampuni hii. Nasema kweli. Sitaki utuhame. Hii ofisi si jeneza."

Darubini aliinua macho.

"Jeneza lenye feni!" Meneja alicheka, akipangusa kona ya jicho. "Siku ile nilicheka hapa peke yangu mpaka katibu akaja kuniangalia."

Maneno hayo Darubini hakuwahi kumwambia Chiriku mezani. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote popote. Aliyasema mara moja tu maishani mwake, akipiga mto.

"Nani alikuambia, bosi?"

"Aniambie nani? Wewe unadhani Jumanne na Alhamisi nafungua dirisha hili nipate hewa? Nina kiyoyozi." Alielekeza kidole gumba nyuma. "Kantini iko hapa chini. Nyie mkiupiga ule mto mnasema kweli kuliko kwenye vikao vyangu vyote. Nani ameomba kazi kwingine, nani anasema sisomi ninachosaini. Mafunzo yamenisaidia sana, sikufichi."

Darubini alihisi mkeka wote umetolewa chini yake. Sasa yalimrudia, moja baada ya jingine, yale aliyoyatema akiwa na jasho machoni: nimeomba kwingine, nitahama, anasaini kama kipofu. Kumbe mdomo uliomfichua ulikuwa wake mwenyewe, na Chiriku alikuwa ameushikilia mto tu.

"Huyo mwenzako ndiye niliyemtegemea anisaidie kidogo," meneja aliendelea, sauti ikishuka. "Nimemwita mara mbili, anieleze tu hali ya huko mezani kwenu. Anacheka. Anacheka, anaaga, anatoka. Mtu wa namna hiyo hana faida. Sasa sikiliza. Meza yenu itabaki ya mmoja. Huo uamuzi umeshafanyika juu huko, si wangu. Yeye amemuumiza mwenzake akiwa ameshapewa ishara ya kuacha. Hilo ni kosa la nidhamu, anaondoka nalo, wewe unabaki. Hakuna cha kuongeza. Sema tu ulichosema siku ile."

Mlango uligongwa. Afisa utumishi aliingia, mwanamke mwenye miwani, aliyechoka kama wengine wote, na nyuma yake mwalimu akiwa na koti juu ya nguo za mazoezi. Wakaketi.

"Nianze na mwalimu," afisa utumishi alisema. "Uliona?"

"Sikuona. Nilikuwa nimewapa mgongo. Hilo ni langu, na simtupii mtu."

"Basi tunabaki na maneno ya wawili. Dada, pole kwa maumivu. Naomba unieleze. Uligonga?"

Kwa miaka yote Darubini alikuwa amekaa upande ule mwingine wa meza. Alijua mtu anayejiandaa kudanganya anavyokuwa: anatazama ukuta, na anakuja na maelezo ambayo hakuulizwa. Sasa alijikuta anatazama ukuta. Alijikuta ana maelezo tayari kwenye ulimi, yamepangwa vizuri kama zile risiti za mwenye duka: niligonga mara mbili, begani, kwa kiganja cha kushoto. Hakuwa ameyatunga kwa makusudi. Yalikuwa yamejikusanya yenyewe, siku zote alizolala akigeukia ukuta.

Aliwaza jicho la kushoto la mama. Aliliwaza kwa uzito, hakulipita haraka. Kisha akawaza kiti cha plastiki kwenye korido.

"Sikugonga," alisema.

Meneja alisogea mbele. "Dada, una maumivu bado. Dawa hizi huchanganya."

"Dawa sijanywa leo, bosi. Sikugonga. Aliniambia gonga, tena zaidi ya mara moja, nikanyamaza. Nilitaka kuona kama ataniachia bila kuombwa. Nilimtega. Halafu nilipoumia nikasema niligonga, na huo ulikuwa uongo."

Afisa utumishi alivua miwani.

"Umtege rafiki yako kwa kiwiko chako mwenyewe? Kwa nini?"

"Nilidhani anayapeleka maneno yangu."

"Kwa nani?"

Darubini aligeuza tu uso kulitazama dirisha. Mwalimu alimfuata kwa macho, akainuka, akaenda kusimama kwenye dirisha lile na kuchungulia chini. Alikaa hapo muda mrefu kuliko unaomchukua mtu kuona mikeka iliyoviringishwa. Aliporudi, masikio yake yalikuwa mekundu.

"Niliwaambia kinachosemwa pale kinabaki pale," alisema taratibu, akimtazama meneja. "Niliwaapia. Umenifanya mwongo mbele ya watu wanaoniamini mpaka wanakubali niwaangushe."

"Mwalimu, sikukusudia..."

"Hapa hakuna kosa la nidhamu la yule aliye nje," afisa utumishi alikatiza, akivaa miwani yake. "Aliyeumia mwenyewe amesema. Kuna mengine humu ndani, na hayo nitayauliza kwa utaratibu wake. Meneja, naomba ubaki. Dada, wewe toka, umwambie mwenzako aingie. Naye ana haki ya kusema lake."

Alitoka. Chiriku alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Darubini alitaka kuanza kwa mbali, kwa lifti na uvumi na simu iliyolala kifudifudi, lakini alijua hiyo ndiyo njia ya wadai wanaozunguka. Akasema yote kwa ufupi, akiwa amesimama. Kwamba alimshuku. Kwamba hakugonga kwa makusudi. Kwamba ameshawaambia. Kwamba aliyetoa siri ni mdomo wake mwenyewe kwenye mto, na dirisha.

Chiriku alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo Darubini hakuwahi kuliona tangu amjue.

"Kwa hiyo," Chiriku alisema mwishowe, "wakati mimi nalia pale chini nikidhani nimekuvunja, wewe ulikuwa kazini."

"Ndiyo."

"Sijalala vizuri tangu siku ile. Nimekuwa nikiota hiyo sauti."

"Nisamehe."

"Usiniharakishe." Chiriku aliinua kiti, akakiweka sawa. "Na simu nailaza kifudifudi kwa sababu kioo kimepasuka, naona aibu. Ungeuliza tu. Mdomo ninao, na unajua unavyofanya kazi."

Akaingia ndani. Mlango haukufunga vizuri. Ulibaki na upenyo wa vidole viwili, na sauti zikaanza kutoka: ya afisa utumishi ikiuliza, ya meneja ikijieleza, kisha ya Chiriku, chini, nzito, isiyo na mzaha. Sasa alikuwa na kila sababu ya kumwaga lolote. Angeweza kusema hataki tena kukaa na mtu kama yule. Angeweza kusema meza ile iwe yake peke yake, na nani angemlaumu? Darubini alisikia jina lake likitajwa. Mwili wake wote ulielemea upenyo ule, kama ulivyozoea.

Akanyoosha mkono wa kushoto, akaukamata mlango kwa kitasa, akaufunga. Ulilia kidogo, kisha korido ikawa kimya.

Alirudi mezani. Simu zilikuwa zinalia. Alianza kuzipokea, akiishikilia simu kwa bega, akichapa kwa mkono usiozoea, kidole kimoja baada ya kingine, akimwambia kila mteja, "Vuta subira, mama," "Vuta subira, mzee." Mteja mmoja alimsimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyopanda juu ya gari lake. Darubini alijikuta akimuuliza kama mbuzi hakuumia, kabla ya kuuliza jambo lingine lolote.

Muda ulipita. Chiriku alirudi, akaketi, akawasha kompyuta yake. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umetulia. Alipokea simu, akamaliza. Akapokea nyingine, akamaliza. Darubini aliendelea kuchapa.

"Huniulizi nimesema nini mle ndani?" Chiriku alisema, bila kugeuka.

"Sikuulizi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Feni ilizunguka, ikawapulizia wote wawili kwa zamu. Chiriku alimtazama pembeni, akamtazama tena, akimkagua kwa muda mrefu.

"Utapasuka, wewe."

"Acha nipasuke," Darubini alisema, na akapokea simu iliyokuwa inalia.